Ufakiri, Kazi na Haki Iliyomo Katika Mali



Watu wengi wakiulizwa sababu ya ufakiri hujibu kuwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu hilo ni la kweli, kwani Yeye ndiye Mwenye kuikunjua riziki na kuidhikisha. Lakini mwenye kulisema huku ameizuia haki ya mwenziwe, huyo ameifanya kadari kuwa pazia la kujifichia. Sharia imeitazama mizizi ya ufakiri: imeharamisha riba, imekataza kuhodhi chakula ili bei ipande, imefaridhi mirathi igawiwe. Na katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 7, imebainishwa kuwa mali hugawiwa ili isiwe inazunguka mikononi mwa matajiri peke yao.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik kisa cha mtu mmoja katika Ansari aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Alipoulizwa ana nini nyumbani, ilidhihiri kuwa hana ila kitambaa kizito, upande wakijifunika na upande wakiutandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume (S.A.W.) aliviagiza vitu hivyo, akavinadi mbele ya Sahaba zake. Mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwengine akatoa mbili. Dirhamu ya kwanza ikawa ya chakula cha ahali wa mtu yule, na ya pili ya kununulia shoka. Shoka lilipoletwa, alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwamrisha mtu yule akate kuni na kuuza, asionekane kwa siku kumi na tano. Akarejea na dirhamu kumi. Wanavyuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake, lakini maana yake inaafikiana na misingi ya sharia.

Izingatiwe kuwa chakula kilitangulia, kwa sababu mwenye njaa hawezi kunyanyua shoka. Kisha izingatiwe kuwa jambo halikuishia kwenye chakula. Familia nyingi zinazoishi Maskati, Dubai au Kuwait huwapelekea jamaa zao wa Unguja na Pemba dirhamu ile ya kwanza kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na ile ya pili haifiki. Mpelekaji huchoka, mpokeaji hudhalilika, na kila mmoja humlaumu mwenziwe.

Na si haki kumwita jamaa huyo mvivu kabla ya kuijua hali ya kwao. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Indonesia iliyokuwa ikizinunua kwa ajili ya sigara zake ilipojitosheleza kwa mashamba yake katika miaka ya 1980, bei ilianguka, na mchumaji aliyekuwa juu ya mti hakuwa na kosa lolote. Vivyo hivyo mwani, ambao kilimo chake kilienea tangu mwisho wa miaka hiyo: wanawake husimama majini kutwa, nao huuzwa mkavu bila ya kusindikwa, na faida kubwa huwaangukia wanaousindika ng'ambo. Watu wa namna hii kazi wanayo. Kinachowapungukia ni ujira. Wako wanavyuoni waliojuzisha fakiri mwenye ufundi apewe katika zaka thamani ya ala za kazi yake: mvuvi nyavu zake, mshoni cherehani yake.

Kwa upande wa Ghuba, iko sababu nyengine ya kukosa kazi, nayo ni kuidharau kazi. Kijana aliyehitimu hungojea kiti cha ofisini, na wazee wake humsaidia kungoja. Imam Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, aliyewasomesha wabebaji wa elimu huko Basra, alijulikana kwa lakabu ya al-Qaffaf, yaani msukaji wa makapu. Wanafunzi wake wakatoka kwenda Oman, Yemen, Khurasani na Maghribi, na hakuna katika wao aliyeona kuwa makapu yamempunguzia Imam heshima.

Ama zaka, mlango unaosahauliwa zaidi majumbani ni dhahabu ya kuvaa. Rai mashuhuri kwa wanavyuoni wa Kiibadhi ni kuwa inawajibika zaka. Nisabu yake ni mithqali 20, yaani gramu 85 takriban, na kinachotolewa ni moja katika arubaini ukitimia mwaka wa Hijria. Mwanamke mwenye gramu 200 hutoa gramu 5, au thamani yake. Mafungu ya wanaostahiki ni manane, kama yalivyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60. Jamaa fakiri ambaye matumizi yake hayamlazimu mtoaji anaingia humo; wazazi, watoto na mke hawaingii, kwani hao wana haki ya kulishwa pasina zaka.

Imam Jabir bin Zaid amepokewa kuwa akiipenda zaidi sadaka ya dirhamu moja kwa yatima au masikini kuliko hija inayofuatia hija ya faradhi. Wenye kwenda umra kila likizo wanafaa kulizingatia hilo.

Limebaki suala la mtumishi wa nyumbani. Wako wanaouzuia mshahara wake miezi miwili au mitatu kwa kuhofia atatoroka, kisha Ramadhani humpa nguo na fedha kidogo, wakaona wametenda hisani. Imepokewa katika hadithi kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiama ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mshahara uliokwishafanyiwa kazi ni deni. Hauhesabiwi kuwa zaka wala sadaka, hata ukitolewa usiku wa ishirini na saba.