Antivairasi Haiondoki kwa Kubonyeza Mara Moja

Wiki moja kabla ya kukabidhi ripoti ya mazoezi ya kufundisha, laptopu yangu iligoma kuingia intaneti. Waifai inaonekana imeunganishwa, simu za wenzangu chumbani zinaperuzi kama kawaida, ila kwangu hakuna ukurasa unaofunguka. Siku hiyo nilikuwa nimefanya jambo moja tu. Antivairasi yangu ilikuwa haisomi leseni, nikaiondoa ili niiweke upya. Kuondoka ikaondoka. Kurudi ikakataa: ikaniambia kuna toleo jingine tayari kwenye kompyuta. Toleo gani tena, na nimelifuta mwenyewe?

Nikaipeleka kwa fundi jirani na hosteli. Akaitazama kama dakika mbili hivi. "Hapa dada hamna namna, tupige Windows upya. Elfu kumi na tano." Mafaili yangu je? "Yaliyopo diski C yanaondoka yote." Maandalio ya masomo ya wiki 8, alama za wanafunzi, picha za zana nilizotengeneza, vyote vipo C, na flashi yangu ilishakufa zamani. Nikamshukuru, nikabeba laptopu yangu.

Nilichokuja kuelewa usiku ule ni kwamba antivairasi si kama programu ya muziki, ambayo ukiifunga imelala. Yenyewe inatakiwa ikague kila faili kabla halijafunguka, na kila kinachoingia kupitia mtandao. Kwa hiyo hupandikiza draiva zake ndani kabisa ya Windows, zinazoanza kazi kabla hata hujaandika neno la siri. Tena hujilinda, maana virusi vingi huanza kwa kujaribu kuiua, hivyo hata wewe mwenye kompyuta unaweza kukatazwa kugusa folda zake. Uondoaji ukikatizwa, au usipowasha upya, vipande hubaki. Kwangu kilibaki kipande cha kukagua mtandao: mlinzi yupo getini, bosi wa kumwambia nani apite hayupo. Na kumbukumbu ya zamani ndiyo ilikuwa ikiidanganya antivairasi mpya kwamba nyumba ina mtu. Sisi walimu tunajua ukiandika juu ya ubao uliofutwa nusunusu darasa litasoma nini.

Basi anza kabla ya kufuta chochote. Nakili namba ya leseni na barua pepe uliyojisajilia. Hamisha kazi zako (niliazima flashi). Kisha pakua vitu viwili kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si tovuti yoyote uliyoikuta njiani: antivairasi mpya, na kifaa chao cha kusafisha mabaki. Norton, McAfee, Kaspersky, Avast na ESET kila mmoja ana chake, na kwa kawaida cha mmoja hutengenezwa kuondoa ya kwake. Mimi nilipakua kwa simu, nikahamisha kwa waya wa kuchajia.

Baada ya hapo ingia "Settings", kisha "Apps", ondoa programu, halafu bonyeza "Restart". Nasisitiza hiyo "Restart", maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Kwenye Windows 10 na 11, ukizima kwa "Shut down" mara nyingi kompyuta haizimiki kikamilifu. Sehemu ya ndani huhifadhiwa ili iwake haraka kesho, pamoja na draiva unazotaka kuzifukuza. Nilikuwa nimezima na kuwasha mara tatu bure.

Vifaa vingine vya kusafisha, kama cha ESET, vinataka hali salama, ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Restart", chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha bonyeza 4. Tahadhari: kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, unaweza kuulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, usisubiri mpaka skrini ya bluu ikuulize saa sita usiku. Ukishafika, endesha kifaa, kikimaliza washa upya kawaida.

Kuna video zinazofundisha kuingia kwenye rejista ya Windows na kufuta kwa mkono kila chenye jina la antivairasi. Achana nazo. Ukifuta mstari usio wake, Windows inaweza isiwake tena, na utarudi kwa fundi yuleyule.

Wala usiogope kwamba hapo katikati uko uchi. Antivairasi ya nje ikishaondoka kabisa, Microsoft Defender hujiwasha yenyewe. Hakikisha tu kwenye "Windows Security".

Kwangu intaneti ilirudi kabla hata sijaweka antivairasi mpya. Nikaiweka, ikasoma leseni, na ripoti nikakabidhi Ijumaa. Flashi ya watu bado ninayo.