Bolti ya giaboksi inavuja, niikaze zaidi?

*Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Bariadi. Kila nikibadilisha oili ya giaboksi, bolti ya chini huanza kuvuja. Fundi anasema niikaze zaidi. Nifanyeje?*
*Msomaji, Bariadi*

Ndugu msomaji, usiikaze zaidi. Utaharibu meno yake. Huenda bolti ni nzima, kilichochoka ni washa. Washa ya shaba hulala vizuri mara ya kwanza tu. Ukiirudisha imeshakuwa ngumu, haizibi.

Kwa kuwa unafungua mara kwa mara, tafuta bolti yenye mfereji chini ya kichwa, unamokaa oringi, yaani pete ya mpira. Mpira hubanwa, kisha hurudi. Nenda dukani na bolti ya zamani ili meno yalingane. Chagua oringi ya nitrili, inayofaa kwa oili hadi nyuzi joto 100 hivi. Palipo na joto zaidi, ya Viton. Epuka ya EPDM, huvimba kwenye oili.

Kabla ya kufunga, futa vumbi na makapi, paka oringi oili, kaza mpaka kichwa kilale tu. Oringi ikibapa au kupasuka, badilisha hiyo peke yake.

Bado inavuja? Zima mashine, umwite fundi mchonga vyuma akague meno ya tundu la bolti kwenye giaboksi.