SOMO LA WAFANYAKAZI: MASHINE INAYOHESABU WATU



Katika somo hili tunazungumzia mashine zinazohesabu watu. Tumechukua mfano wa viwanja vya burudani vya kampuni ya Disney huko Marekani, kwa sababu pale mgeni na mfanyakazi wote wamehesabiwa.

Kiwanja cha kwanza, Disneyland, kilifunguliwa mwaka 1955 mjini Anaheim, California. Kile cha Florida, Walt Disney World, kilifunguliwa mwaka 1971. Watu hufuata huko michezo, usafi na utaratibu, wapate kusahau shida zao kwa siku chache. Adui wa starehe hiyo ni foleni.

Mwaka 2013 kampuni ilianza kuwapa wageni wa Florida bangili iitwayo MagicBand. Kwa bangili hiyo mgeni aliweza kuingia kiwanjani, kufungua chumba chake cha hoteli na kulipia chakula. Ndani yake mlikuwa na chombo kidogo cha redio kilichosomwa kutoka mbali, hata mgeni asipogusa kitu. Hivyo kampuni iliweza kujua watu wamejaa wapi. Mpango mzima uliripotiwa kugharimu kiasi cha dola bilioni 1. Kampuni haitoi fedha nyingi hivyo bure: mgeni asiyesimama foleni ana nafasi ya kununua zaidi.

Mwaka huohuo mbunge Edward Markey aliiandikia kampuni barua, akiuliza habari za watoto zitatumiwaje. Tena, mgeni asiyetaka bangili aliweza kuchukua kadi. Kwa hiyo mgeni alikuwa na hiari, na alikuwa na wa kumsemea.

Je, mfanyakazi? Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times lilieleza hali ya vyumba vya kufulia nguo katika hoteli za Disney huko Anaheim. Ukutani zilitundikwa skrini kubwa zenye majina ya wafanyakazi na kasi ya kila mmoja katika kutia shuka na foronya mashinani, wenzake wote wakiona. Skrini hizo zikaitwa "mjeledi wa umeme". Wengine waliacha hata kwenda msalani kwa hofu ya kubaki nyuma.

Ndugu, elimu ya kuhesabu ni ileile. Ilimpunguzia mgeni kusubiri, ikamnyima mfuaji mapumziko. Tuangalie basi ni nani anayesoma hesabu, kwa nia gani, na kama anayehesabiwa anaweza kukataa. Mfanyakazi akikataa peke yake, kazi yake imo hatarini. Akikataa pamoja na wenzake, mwajiri hulazimika kukaa mezani.

Hatupingi mashine. Mizani ya haki humlinda mchuma chai asipunjwe kilo zake, na saa ya haki hulinda malipo ya ovataimu. Tunachodai ni kwamba, kabla mashine haijafungwa, mkataba wa pamoja uandike inahesabu nini, nani ataona hesabu hiyo, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa hesabu ya mashine kabla ya kusikilizwa mbele ya mwakilishi wa chama.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Kazini kwenu ni mashine gani zinazowahesabu, na nani anasoma hesabu zake?

2. Je, mfanyakazi anaruhusiwa kuona hesabu yake mwenyewe na kuisahihisha?

3. Mkataba wenu unasema nini juu ya jambo hili? Kama hausemi, tawi lipeleke lini madai yake?