Uchovu wa Springi na Kasi ya Marudio

Katika vijiji vya Kisarawe, kama ilivyo mahali pengi nchini Tanzania, mashine ya kusaga nafaka iendeshwayo kwa injini ya dizeli hunguruma tangu asubuhi. Ndani ya injini hiyo mna springi ndogo zinazofunga vali. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kila vali hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo springi yake hubanwa mara 750 kwa dakika. Kwa saa 6 za kazi hubanwa mara 270,000, na kabla siku ya nne haijaisha imekwisha kupita mara milioni moja. Hata hivyo hudumu miaka. Gari lipitalo njia ya udongo nje ya mashine hiyo hutikisika mara chache zaidi kwa siku, na bado huweza kukatika springi yake ya mzunguko, ile ambayo mafundi huiita koili springi. Ikiwa wingi wa kazi ndio unaochosha chuma, mbona ifanyayo kazi zaidi ndiyo idumuyo?

Springi ya namna hii inapobanwa, waya wake husokotwa. Mkazo huwa mkubwa kabisa kwenye uso wa waya, upande wa ndani wa mzunguko, na aghalabu ufa huanzia usoni, penye mkwaruzo au shimo dogo la kutu. Kila mkazo unaporudi, ufa huongezeka kidogo, mpaka siku waya uliobaki ushindwe kuubeba mzigo. Huu ndio uchovu wa metali. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, aliyechunguza ekseli za mabehewa katika karne ya 19, alionyesha kwamba jambo kuu ni ukubwa wa mkazo unaorudiwa: ukipunguzwa kidogo tu, idadi ya marudio ambayo chuma huyastahimili huongezeka mno. Springi ya vali hubanwa kwa kiasi kile kile kila mara, ndani ya mipaka aliyoipanga mhandisi, tena ikiwa imepakwa oili.

Na kasi yenyewe je? Kwa chuma cha pua katika joto la kawaida, kubadili kasi kutoka marudio machache kwa sekunde hadi makumi kadhaa hakubadili sana idadi ya marudio hadi springi ikatike. Kinachobadilika ni saa. Maabara ikitaka marudio milioni 10, kwa 10 kila sekunde itangoja karibu siku 12. Kwa 50 kila sekunde, siku mbili na kitu.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Chuma kikipata moto kwa kurudiwa upesi, hulegea. Penye tope na unyevu mambo hugeuka: marudio ya polepole huipa kutu muda zaidi wa kula ncha ya ufa katika kila rudio, hata springi ikakatika baada ya marudio machache zaidi.

Lakini mpaka ulio mkubwa barabarani ni rezonansi. Kila kitu chenye springi na uzito kina marudio yake ya asili, na kikitikiswa kwa marudio hayo hayo, mtikisiko hukua. Gurudumu la gari pamoja na ekseli yake huwa na marudio ya asili ya karibu 10 kwa sekunde. Chukua barabara ya udongo iliyojikunja kama bati, mikunjo ikiachana kwa mita 0.75. Gari likienda kilomita 27 kwa saa, yaani mita 7.5 kwa sekunde, hukuta mikunjo 10 kila sekunde. Hapo gurudumu hurukaruka, na springi hubanwa na kuachiwa kwa kiasi kikubwa. Shokapu ikiwa imekufa, hakuna cha kuuzima mtikisiko huo. Kwa kilomita 54 kwa saa marudio huwa 20. Gurudumu haliwahi kufuata kila bonde, na gari hutulia. Madereva wanaijua siri hii, ingawa haifai kuigwa: tairi lisiloshika ardhi halishiki breki wala usukani.

Kwenye lami ya barabara ya Morogoro, pale Kibaha, hali ni nyingine. Marudio makubwa ni machache, lakini tuta moja likirukwa kwa mwendo mkali huweza kuibana springi kuliko mikunjo mingi ya udongo.

Katika maabara za shule, iwe Kibaha au Minaki, wanafunzi waning'inize jiwe la mizani kwenye springi laini na kuitikisa ncha ya juu kwa mkono, sentimita moja tu, kwanza polepole, kisha upesi zaidi na zaidi. Wapime umbali jiwe linaokwenda katika kila kasi na kuchora grafu yake. Kisha wakokotoe: mikunjo ya barabara ikiwa mita 0.6, ni mwendo gani utakaolipa gurudumu lile marudio 10 kwa sekunde?