Tufunike Udongo, Tuwalishe Nyuki: Somo kwa Kamati za Parokia

Katika viwanja vingi vya makanisa, kuanzia Tunduma hadi Vwawa na Ileje, ardhi hufagiliwa kila siku mpaka ikabaki tupu. Usafi ni jambo jema. Lakini mvua zinapoanza mwezi Novemba, matone hupiga udongo huo usio na kinga, maji hutiririka, na tabaka la juu lenye rutuba huishia mtaroni. Wakati huo huo nyuki na vipepeo wanakosa maua karibu na mashamba yetu.

Somo hili linaeleza namna ya kuchagua mimea inayotambaa na kufunika ardhi, na mahali salama pa kupata mbegu zake.

1. Kwa nini tuwajali wadudu?

Boga lina maua dume na maua jike yaliyotengana, kwa hiyo bila mdudu wa kubeba chavua hakuna boga. Kahawa ya arabika, zao kubwa la Mbozi, huweza kujichavusha yenyewe. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Panama na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mavuno yake huongezeka nyuki wanapoyatembelea maua. Anayelisha nyuki analisha pia shamba lake.

2. Tuchague nini?

Tuanze na mimea ambayo wakulima wetu wanaifahamu:

- Kunde. Hufunika ardhi mapema, majani yake ni mboga, na maua yake hupendwa na nyuki.
- Fiwi. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo hubaki kijani mvua zikiisha na hutoa maua wakati maua mengine ni haba. Ikipandwa ndani ya mahindi, isubiri wiki chache ili isiyapande mahindi yakiwa bado machanga.
- Maboga. Yanafaa pembezoni mwa bustani. Maua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo dawa ya wadudu isipulizwe asubuhi.
- Viazi vitamu. Vinafaa kwenye miteremko na kingo za matuta.
- Desmodiamu. Hudumu miaka kadhaa na ni malisho ya ng'ombe. Watafiti wa icipe nchini Kenya waliiweka katikati ya mistari ya mahindi katika kilimo cha sukuma-vuta, ambako hufukuza viwavi wanaotoboa mabua na kudhoofisha kiduha.

Kwa kipande kinachopumzishwa ipo marejea, yenye maua ya njano. Haitambai, bali husimama wima na kurutubisha udongo. Miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho, Ruvuma, aliieneza kwa wakulima, na huo ni mfano wa kanisa kufundisha kilimo kwa vitendo.

Tujihadhari na mimea ya mapambo inayosambaa bila mipaka. Lantana na wedelia, zote zenye asili ya Amerika, zimo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mmea unaosifiwa kuwa "haufi hata ukikatwa" uchunguzwe kwanza.

3. Tupate wapi mbegu?

Kwanza, kwa majirani. Mbegu za kunde, fiwi na maboga zilizozoea hali ya hapa zipo majumbani mwetu. Kabla ya kupanda, kamati ifanye jaribio: hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikifika 80, mbegu ni nzuri.

Pili, kwa wataalamu. Afisa ugani wa kata, TARI Uyole huko Mbeya, na kituo cha TaCRI kilichopo Mbimba, Mbozi, wanaweza kutoa ushauri. Mbegu za dukani ziwe na lebo ya TOSCI.

Tatu, tuwe waangalifu na mpaka. Ni rahisi kuvuka kutoka Nakonde na fungu la marando au mche begani, lakini marando hubeba virusi visivyoonekana kwa macho. Mimea na mbegu kutoka nje zipitie kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Fungu moja lenye ugonjwa linaweza kuharibu viazi vya kijiji kizima.

4. Hofu ya nyoka

Waumini wengi husema majani huleta nyoka. Hofu hii isipuuzwe. Tuache mita mbili tupu kuzunguka majengo na kando ya njia za watoto, na mimea iliyo karibu ikatwe iwe mifupi. Sehemu hiyo tupu ina faida nyingine, kwani aina nyingi za nyuki wasioishi mzingani hutaga mayai ndani ya ardhi.

5. Neno kwa wafadhili

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kitalu kimoja cha kuzalisha mbegu katika kila parokia, uzio wa kuzuia mbuzi, na mtu wa kukisimamia kwa misimu miwili. Msaada wa kununua miche ya maua mjini huisha kiangazi kikianza. Kitalu kitawapa wanaparokia mbegu kila mwaka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni sehemu gani ya kiwanja chetu inayopoteza udongo mvua ikinyesha?
2. Nani kati yetu ana mbegu za fiwi au kunde za kugawia wengine?
3. Ni miezi gani nyuki hawapati maua hapa kwetu, na tupande nini ili kuziba pengo hilo?
4. Nani atasimamia kitalu, na mavuno yake yatagawiwaje?

Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya mwezi Oktoba, ili mvua za kwanza zitukute na mbegu mkononi.