Baada ya Amin: "Ulifanya Nini?" au "Unatoka Wapi?"

Ndugu zangu, mwaka 1979 tawala mbili za mauaji ziliangushwa na majeshi ya nchi jirani. Tarehe 7 Januari Wavietnam waliingia Phnom Penh na kuwang'oa Khmer Rouge, ambao chini yao walikufa watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.7. Tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Dhalimu akishaondoka, nani aongoze, na awafanyeje wale walioachwa nyuma?

Kambodia iliongozwa na watu waliotoka ndani ya utawala uleule. Heng Samrin na Hun Sen walikuwa makamanda wa Khmer Rouge kabla ya kukimbilia Vietnam. Mahakama maalumu ilianza kazi 2006 tu, ikawatia hatiani watu watatu. Si ajabu.

Uganda ilishika njia nyingine: waliorudi kutoka uhamishoni ndio waliotawala. Lule alikaa siku 68, akaja Binaisa, kisha Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, na Desemba 1980 akarudi Obote. Nguvu halisi ilikuwa kwa jeshi jipya, UNLA. Wengi wa askari wake walikuwa Waacholi na Walango, na uchungu wao ulikuwa wa kweli, kwani Amin aliwaua ndugu zao jeshini tangu 1971.

Mimi ni mtoto wa Koboko, sitajifanya sina upande. Watanzania walipita Arua mwaka 1979 mpaka wakafika mpaka wa Sudan, na wazee wetu bado wanasifu nidhamu yao. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. UNLA ikalipiza kisasi kwa raia. Watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, huko Ombaci karibu na mji wa Arua, raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki waliuawa humo humo. Mkakwa, Mlugbara, Mnubi, Mwislamu, Mkristo, wote waliitwa watu wa Amin.

Hakimu huuliza, "Ulifanya nini?" Jeshi lile liliuliza, "Unatoka wapi?" Kwa swali hilo hata Michael Ondoga, Mlugbara, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa na utawala wa Amin mwaka 1974, anahesabiwa upande wa wauaji. Vivyo hivyo Brigedia Charles Arube, Mkakwa, aliyekufa mwaka huohuo katika jaribio la kumpindua Amin.

Baada ya 1986 Tume ya Jaji Arthur Oder ilichunguza maovu ya tangu 1962, ikatoa ripoti 1994. Moses Ali, waziri wa fedha wa Amin na baadaye kiongozi wa waasi wa UNRF, aliingia serikalini akafikia Naibu Waziri Mkuu. Sheria ya Msamaha ilipitishwa 2000, na Desemba 2002 UNRF II wakatia saini amani Yumbe. Bila amani hiyo huenda nisingesoma. Ila msamaha nao haukuuliza, "Ulifanya nini?" Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka alisamehe umma, lakini wachache walitajwa kwa majina, kwa matendo yao wenyewe.

Kwa darasa lijalo: mwenye mzee aliyevuka mpaka 1980, au aliyekuwa Ombaci, amwombe ruhusa aandike simulizi yake, pamoja na majina ya waliouawa.