SOMO LA KIWAVI WA MAHINDI: SIKU GANI NDIYO SIKU YA DAWA?

Walimaji, sikilizeni vizuri. Mwaka 2016 mdudu kutoka Amerika alionekana mara ya kwanza katika Afrika, naye amefika hata Kongo. Jina lake ni kiwavi jeshi vamizi. Watu wengi wananunua dawa, wanamaliza franka zao, na mahindi yanaliwa vilevile. Mara nyingi kosa si la dawa. Kosa ni la siku.

1. Mjue adui yako

Mama yake ni kipepeo wa usiku. Anataga mayai 100 ao 200 pamoja juu ya jani, na kuyafunika kwa manyoya. Wakati wa joto, mayai yanapasuka kisha siku 2 ao 3. Kiwavi anakula siku 14 hivi, halafu anashuka ndani ya udongo kujigeuza. Akiwa mkubwa, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa 4 meusi ya mraba karibu na mkia.

2. Linganisha siku tatu

Mtu wa kwanza anatia dawa mbele ya kuona kitu. Anapoteza mali, tena anaua nyigu na sisimizi wanaomsaidia kumaliza mayai na viwavi.

Mtu wa pili anaona majani yana madirisha madogo meupe. Kiwavi ni mdogo bado, yuko karibu na nje. Dawa inamfikia, anakufa.

Mtu wa tatu anangoja mpaka majani yamepasuka, na mavi kama unga wa mbao yamejaa katika moyo wa muhindi. Kiwavi amejificha chini, na mavi yamekuwa kifuniko chake. Dawa inabaki juu. Kiwavi anaendelea kula.

Basi, mfuate mtu wa pili.

3. Namna ya kufanya

Tangu mahindi yanapoota, pita shambani kila juma. Simama pahali 5; kila pahali angalia mihindi 10. Ukikuta mayai, yaponde kwa vidole. Kama mihindi michanga 10 katika hiyo 50 ina alama mpya, tia dawa. Chini ya hapo, ngoja na uangalie tena.

Fanya kazi asubuhi mapema ao jioni, maana jua likiwa kali kiwavi hujificha. Elekeza dawa ndani ya moyo wa muhindi. Mvua ikikaribia, acha. Mahindi yakiisha kutoa maua, usitie tena.

Funika mikono, pua na mdomo. Mkebe wa dawa usiwe kamwe chombo cha maji ya nyumbani.

Maswali

1. Kwa nini dawa ya mtu wa tatu haikufaa?
2. Mihindi mingapi katika 50 inakuamuru kutia dawa?
3. Wewe, juma hili, umepita shambani mwako?